Dawa ya kusukutua kinywa na koo: ni ipi uliyo nayo mkononi, na inakusaidia hadi wapi?

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Ninafanya kazi katika famasi mjini Morogoro, na jambo lililonisukuma kufungua uzi huu lilitokea Jumatatu iliyopita. Mama mmoja alikuja na chupa tupu ya dawa ya kusukutua, akaiweka mezani na kuomba nyingine ya aina ileile. Nilipomwuliza anayeitumia ni nani, alisema ni mwanawe wa miaka 9 anayeumwa koo, na kwamba hiyo ilikuwa chupa ya tatu kwa mwaka huu, kwa sababu maumivu yakiondoka hayakawii kurudi. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa na homa, tezi za shingo zimevimba pande zote mbili, hana kikohozi wala mafua, na alipofungua kinywa niliona usaha juu ya mafindofindo. Sikumuuzia chupa ya nne. Niliwaandikia karatasi na kuwaelekeza kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni chupa ngapi za namna hiyo nimeziuza bila kuuliza swali hata moja, na jambo hilo linaniuma. Dawa hizi ni nzuri na ninazitumia nyumbani kwangu, lakini watu wengi huzichukua kama sabuni ya kinywa isiyo na masharti, au kama tiba ya kila kinachouma kuanzia midomoni hadi kooni.

Tuanze na mahali zinapofika. Dawa ya kusukutua hufanya kazi juu ya utando wa kinywa. Hupunguza vijidudu vilivyo kwenye fizi, ulimi, meno na upande wa ndani wa mashavu, na hilo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye fizi zake zinavuja damu, au aliyefanyiwa upasuaji wa kinywa na hawezi kupitisha mswaki mahali palipokatwa. Kooni mambo ni tofauti. Unapoinua kidevu na kuiacha pumzi itoe mapovu, maji hugusa sehemu ya mbele ya koo kisha hurudi, ilhali findofindo lina vijishimo vyenye kina na maambukizi yamo ndani ya nyama yake. Tena, maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi, mtu asukutue asisukutue. Aliyeanza kusukutua siku ya tano akapona siku ya saba huisifu chupa, nami simlaumu, kwa maana hana namna ya kujua kwamba angepona vilevile.

Kosa hili si letu peke yetu. Listerine ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 na Joseph Lawrence, ikapewa jina kwa heshima ya Joseph Lister, yule daktari wa Uingereza aliyeanzisha upasuaji wa kutumia dawa za kuua vijidudu. Kwa miongo mingi matangazo yake yaliwaambia watu kwamba inakinga mafua na maumivu ya koo. Mwaka 1975 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliiamuru kampuni iliyokuwa ikiitengeneza iache madai hayo na iyasahihishe katika matangazo yake yenyewe, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kampuni iwajibike kusahihisha. Ninaitaja habari hii kwa sababu madai yaleyale bado ninayasikia kwenye kaunta yangu, miaka karibu 50 baadaye.

Kwa nini nilimhofia yule mtoto? Kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 hasa, maumivu ya koo yenye homa, usaha na tezi zilizovimba bila kikohozi yanaweza kuwa ya bakteria wanaoitwa streptokoka. Maambukizi hayo yasipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kuugeukia moyo na viungo wiki chache baadaye, na mtoto akapata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam hupokea vijana walioharibikiwa vali kwa njia hiyo. Kinga yake ni penisilini, iwe sindano moja ya dawa inayokaa muda mrefu mwilini au vidonge vya siku 10 kamili, na inafaa ianze kabla siku 9 hazijapita tangu koo lilipoanza kuuma. Dawa ya kusukutua hupunguza uchungu, mzazi akadhani mwanawe anapona, na siku hizo 9 zikapita.

Sasa nije kwenye dawa zenyewe. Sitazitaja zote, bali zile ninazozitoa mara kwa mara.

Klorheksidini ndiyo yenye nguvu kuliko nyingi, kwa sababu hushikamana na meno na utando wa kinywa na kuendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa baada ya kutemwa. Ndiyo maana hutumika mara mbili tu kwa siku. Ile ya asilimia 0.2 hutumika mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kwa dakika moja, kisha hutemwa. Ile ya asilimia 0.12, inayotumika sana Marekani, ni mililita 15 kwa nusu dakika. Jambo ambalo karibu kila mteja wangu halijui ni kwamba dawa nyingi za meno zina kiambato cha kutoa povu ambacho hupunguza nguvu ya klorheksidini. Mtu anapiga mswaki vizuri, hapohapo anasukutua, na dawa aliyoinunua kwa fedha yake inakuwa imedhoofishwa mdomoni. Piga mswaki, suuza kwa maji mengi, subiri nusu saa, ndipo usukutue. Baada ya kutema, usisuuze kwa maji na usile wala kunywa chochote kwa nusu saa nyingine. Chai ya rangi na kahawa ziepuke zaidi muda huo, kwa kuwa huongeza madoa ya kahawia ambayo dawa hii huyaleta kwenye meno na ulimi. Ni dawa ya siku chache hadi wiki chache. Isigeuzwe kuwa desturi ya maisha bila daktari wa meno kusema.

Povidoni-ayodini ya kusukutua, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Betadine, ni ya asilimia 1. Hutumika hadi mililita 10 kwa sekunde 30, ikiwa peke yake au ikichanganywa na maji ya uvuguvugu kwa kiasi sawa, hadi mara nne kwa siku na si zaidi ya siku 14 mfululizo. Haifai kwa watoto walio chini ya miaka 6. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa tezi ya shingo inayoitwa thairoidi, kama rovu, na wanaotumia dawa za lithiamu wasiiguse bila kuzungumza na daktari, kwa sababu ayodini hupenya na kuingia mwilini.

Benzidamini ya asilimia 0.15 ni ya kutuliza uvimbe na maumivu zaidi kuliko kuua vijidudu, na kwa mtu ambaye shida yake ni uchungu wa kumeza mimi huiona ina maana kuliko hizo mbili. Hutia ganzi kidogo. Ikichoma sana, changanya na maji kiasi sawa. Ile ya kusukutua si ya watoto walio chini ya miaka 12, na kwa kawaida haizidi siku 7.

Haidrojeni peroksaidi inayouzwa kwa asilimia 3 ni kali kwa kinywa. Hupunguzwa kwanza kwa maji kiasi sawa ili ibaki asilimia 1.5, hutumika kwa siku chache tu, na haimezwi.

Na ipo chumvi. Nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa siku, haina madoa wala gharama. Mtu mzima mwenye koo la kawaida la mafua nikimshauri arudi nyumbani akatumie maji ya chumvi na parasetamoli, wengine huondoka wamekasirika, wakiona kwamba nimewanyima dawa.

Karibuni kwa maswali.

BintiPangani

Asante sana kaka kwa maelezo haya. Mimi nimetumia klorheksidini kwa wiki saba kwa sababu ya fizi kuvuja damu, wala hakuna aliyeniambia niache. Sasa meno yangu ya mbele yana rangi kama ya majani ya chai, ulimi una utando wa kahawia, na chakula hakina ladha. Samaki wa nazi anakuwa kama karatasi. Nimeacha kucheka mbele za watu. Je, meno yameharibika moja kwa moja?

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Pole dada. Hayajaharibika. Madoa hayo yamekaa juu ya jino, hayajaingia ndani, na daktari wa meno ataweza kuyasafisha kwa kikao kimoja au viwili. Tafadhali usiyasugue kwa mkaa, majivu wala magadi, kwa sababu hayo ndiyo yatakayolila jino lenyewe. Ladha nayo hurudi ukiacha dawa. Lakini utakapokwenda kusafishwa, mwombe daktari aangalie fizi zenyewe. Fizi zinazovuja damu kwa wiki saba mara nyingi zina ugaga, yaani uchafu wa meno uliogeuka mgumu, uliojishikiza chini ya ukingo wa fizi, na ugaga huo hautolewi na dawa yoyote ya maji. Hukwanguliwa kwa vifaa.

Mzee wa Kahama

Wanangu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nina chupa ya Betadine ambayo mjukuu wangu alipewa zahanati kwa ajili ya kidonda cha mguu. Koo lilipoanza kuniwasha niliona jina ni lilelile, nikachanganya kifuniko kimoja na maji nikasukutua kwa siku tatu. Nimesoma hapo juu kuhusu tezi ya shingo, nikashtuka, kwa sababu nina rovu tangu ujana wangu. Nifanye nini?

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee. Tafadhali acha kuitumia leo hii. Ile ya kidonda kwa kawaida ni ya asilimia 10, yaani ina nguvu mara kumi ya ile ya kusukutua, na haikutengenezwa kwa ajili ya utando laini wa kinywa. Kwa kuwa una rovu, mweleze mganga wa kituo kilicho karibu nawe kwamba umetumia ayodini kwa siku tatu. Ukiona moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, au unatokwa jasho na kukonda bila sababu, nenda mapema zaidi. Siku tatu si nyingi, mzee wangu, na sisemi haya ili kukutia hofu, ila tezi yenye kasoro huweza kuyumbishwa na ayodini ya ziada.

Ndugu wengine, mliangalie vizuri kosa hili, maana ni rahisi kulifanya. Jina la kibiashara hukaa juu ya chupa za aina nyingi. Klorheksidini vivyo hivyo: ipo ya kinywa, ipo ya kunawia ngozi, na ipo ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya ile ya kitovu kutiwa machoni kwa makosa katika nchi kadhaa za Afrika, ikaleta majeraha makubwa ya macho. Kwa hiyo soma asilimia, kisha tafuta maneno yanayosema dawa ni ya kinywa. Usipoyaona, isiingie kinywani.

Kijana wa Likoni

Je, Dettol? Nyumbani kwetu tulizoea kutiliwa matone mawili kwenye kikombe cha maji, tukasukutua koo, na sote tulikua salama.

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Hapana, ndugu yangu, hata tone moja. Hiyo ni ya ngozi, nguo na sakafu. Huunguza utando wa kinywa na koo, na mtoto akipaliwa nayo ikaingia kwenye mapafu, ni dharura ya hospitali. Wazazi wetu walitumia walichokuwa nacho kwa nia njema, na wengi wetu tulisalimika, lakini usimtilie mwanao.

Kijana wa Likoni

Nimekuelewa, naacha. Swali langu la pili: mama amepewa klorheksidini baada ya kukatwa fizi, na Ramadhani inaingia. Hataki kufungua saumu, wala hataki kukatiza dawa. Na ameuliza kama ina pombe.

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Hukumu ya saumu waulizeni masheikh. Mimi nitasema upande wa dawa. Bahati nzuri dawa hii ni ya mara mbili kwa siku, hivyo ratiba yake inaingia usiku bila kupungua. Asukutue mara ya kwanza baada ya futari, akishapiga mswaki na kusubiri nusu saa, na mara ya pili baada ya daku, akiacha nafasi ya kutosha kabla ya adhana ya alfajiri ili amalize kutema na asibaki na hamu ya kunywa maji. Kuhusu pombe, zipo za aina zote mbili, nayo huandikwa kwenye orodha ya viambato. Aombe isiyo na pombe. Hata bila suala la dini, pombe huchoma kidonda na kukausha kinywa, na kwa mtu aliyefunga mchana kutwa ukavu huo ni mateso.

DaktariWaMeno_Mwanza

Nampongeza mwanzisha uzi. Naomba niongeze mambo ninayokutana nayo kwenye kiti changu.

Ukishang'olewa jino, usisukutue kwa chochote kwa saa 24 za kwanza, iwe dawa au maji ya chumvi. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha mfupa. Ukiisukuma kwa maji inatoka, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake siku ya tatu huwa makali kuliko ya jino lenyewe. Baada ya hapo sukutua taratibu, ukiinamisha kichwa upande mmoja na kuacha maji yadondoke badala ya kuyatema kwa nguvu.

Wagonjwa wengi tunawapa Flagyl. Katika siku za dawa hiyo epuka dawa ya kusukutua yenye pombe, kama unavyoepuka kinywaji chenyewe.

Ukiwa na utando mweupe wa fangasi na umepewa nistatini ya maji, usiitumie pamoja na klorheksidini kwa wakati mmoja, kwa sababu huharibiana. Tenganisha kwa muda. Na utando huo ukimtokea mtu mzima bila sababu inayojulikana, ni busara apime virusi vya UKIMWI na kisukari. Nasema hivi bila kumnyooshea mtu kidole.

Mwisho, mzio. Ni nadra, lakini klorheksidini inaweza kuleta mzio wa ghafla unaohatarisha maisha. Februari 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa za ngozi zenye kiambato hiki. Ukiona vipele, uso kuvimba au pumzi kubana baada ya kusukutua, usijaribu mara ya pili. Kimbia hospitali.

MamaWawili

Naandika kwa hofu kidogo. Mwanangu wa miaka 4 ana kikohozi na koo linamwuma, na kwa kuwa umri wake hauruhusu dawa hizi, bibi yake anasema akakatwe kimeo. Anasema kimerefuka.

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Mama, nakuomba kwa moyo wangu wote usikubali. Kimeo ni sehemu ya kawaida ya koo. Huvimba kidogo mtu anapokuwa na maambukizi na huonekana kirefu mtoto anapolia. Kukikata hakuondoi kikohozi. Kunacholeta ni kutokwa damu ambayo mtoto huimeza bila mtu kuona, maambukizi kutokana na kisu, na pepopunda. Huku nyuma ugonjwa halisi unaendelea. Wengine walikuwa na nimonia wakati kimeo kikikatwa.

Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake na vinywaji vya uvuguvugu mara kwa mara. Asali kijiko kimoja inafaa kwa kuwa ameshapita mwaka mmoja. Mpeleke kliniki akaangaliwe kifua na koo, na uende na bibi yake ili maelezo ayasikie kwa daktari mwenyewe. Ni mtu mwenye uchungu na mjukuu wake, kwa hiyo msimfiche.

BintiPangani

Samahani kwa kukatiza, ni usiku lakini naomba msaada. Kaka yangu ana gego la chini lililotoboka, amekuwa akisukutua kwa wiki mbili. Tangu jioni amevimba chini ya taya pande zote, shingo ni ngumu kama ubao, mdomo haufunguki zaidi ya kidole kimoja, na mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Anasema atasukutua tena alale, asubuhi twende.

DaktariWaMeno_Mwanza

Msisubiri asubuhi. Usaha wa jino umeshuka chini ya ulimi na unaweza kuziba njia ya hewa. Mkalishe wima, asilazwe chali, asipewe kitu cha kunywa wala kusukutulia, tafuteni gari sasa hivi mwende hospitali ya wilaya au ya mkoa, si zahanati. Mkifika, sema kwanza kwamba hawezi kumeza mate.

MtoaDawa (mwanzisha uzi)

Dada, fuata maneno ya daktari. Tuandikie mkiwa njiani.

BintiPangani

Tumepata bajaji. Amekaa wima, nimemshika.

BintiPangani

Tumefika. Wamemwingiza ndani bila foleni, wamemwekea dripu na wanasema watapasua kutoa usaha usiku huuhuu. Bado anapumua mwenyewe.